Sputnik, Beatnik, Refusenik: Hii "-nik" Ilitoka Wapi?

Wengi walilisikia jina Sputnik mwaka 2020 kupitia chanjo ya Corona ya Warusi. Lakini jina lenyewe ni la zamani, na utamu wote upo kwenye zile herufi tatu za mwisho: -nik.

Iko hivi. Kwenye Kiswahili ukitaka kumtaja mtu kwa kazi yake unaanza na m-: anayelima ni mkulima. Kirusi na ndugu zake wa Kislavi wanaweka mwishoni, -nik. Put ni njia, sputnik ni mwenzako wa safari. Wayahudi wa Ulaya Mashariki, walioishi jirani na Waslavi karne na karne, wakaichukua wakaitia kwenye lugha yao ya Kiyidishi. Huko mtu anayeboa anaitwa nudnik.

Oktoba 4, 1957 Wasovieti wakarusha setilaiti ya kwanza duniani, Sputnik. Marekani ikashtuka. Desemba 6 roketi yao ya kujibu mapigo ikanyanyuka kidogo tu, ikaanguka na kulipuka. Magazeti yakaibatiza Flopnik, yaani imefeli. Aprili 1958, mwandishi mmoja wa gazeti la San Francisco akawaita vijana wa kundi la Beat, wale wapenda mashairi na jazi, "beatnik". Wapo waliochukia, maana ilinuka dharau na Ukomunisti. Lakini jina likaganda.

Refusenik ndiyo yenye uchungu. Miaka ya 1970 Wayahudi wengi wa Kisovieti waliomba kuhama nchi, hasa kwenda Israel. Waliokataliwa wakaitwa otkaznik, kutoka otkaz, kukataliwa. Ukishaomba tu, kibarua kinaweza kuota nyasi, na kibali kisije. Wapo waliosubiri zaidi ya miaka 10.

Neno likaingia Kiingereza kama refusenik, na huko maana ikageuka: siku hizi anaitwa hivyo hata mtu anayegoma kufuata jambo. Yaani aliyekataliwa kageuka mkataaji! Kiswahili hakichanganyi: mkataliwa ni mmoja, mkataaji ni mwingine.

Kwa hiyo ukikutana na refusenik kwenye habari za Wasovieti, usidhani hao watu walikuwa wabishi. Waliomba kuondoka, wakafungiwa mlango.

Unaijua -nik nyingine? Idondoshe kwenye komenti.