Afyuni na Sukari: Maneno Mawili Yaliyovuka Bahari

Huko Tumbe, kaskazini ya kisiwa cha Pemba, wataalamu wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya makazi makubwa yaliyostawi kati ya karne ya 7 na ya 10, na humo vigae vya vyombo kutoka Ghuba ya Uajemi. Bahari iliyoleta vyombo ndiyo iliyotuletea maneno pia. Miongoni mwa maneno hayo yamo mawili ambayo watunga istilahi za tiba hawana budi kuyatazama pamoja: afyuni na sukari.

Afyuni lilitoka kwa Wayunani, likapitia kwa Waarabu hata likatufikia. Neno mwenzake, kasumba, lina asili ya Kihindi. Huko Gujarat kasumbo ni kinywaji cha afyuni iliyolowekwa majini. Kwetu liliacha dawa likashika siasa: tukasema kasumba ya kikoloni. Sukari nalo lilianza safari katika Kisanskriti, likapita Uajemi na Uarabuni. Kutokana nalo tukaunda kisukari, jina la ugonjwa wa kuzidi kwa sukari katika damu.

Hali iliyo kinyume haikupata jina fupi kama hilo. Wengine husema kushuka kwa sukari, wengine upungufu wa sukari. Nayo si hali ndogo. Tramadoli na methadoni, dawa za maumivu za jamii ya afyuni, zaweza kushusha sukari, hasa kipimo kinapozidi. Aliyezidisha dawa husinzia, huchanganyikiwa, huzimia. Aliyepungukiwa sukari vivyo hivyo. Wamwangaliao husema, "Amelewa dawa, mwacheni alale," kumbe pumzi zinafifia na ubongo unakosa chakula chake.

Mfasiri aandike nini basi? Akiandika "sukari imeshuka," jamaa waliozoea kusema "fulani ana sukari," yaani ana kisukari, huenda wakadhani ni habari njema. Akiandika "apewe sukari," mtu aweza kummiminia aliyezimia maji ya sukari kinywani, akapaliwa, akafa.

Kwa hiyo yafaa tushike istilahi moja, upungufu wa sukari katika damu, na onyo liandikwe kwa ukamilifu: aliyezidisha dawa hizi akawa haamki, akimbizwe hospitali, apimwe sukari pamoja na pumzi, wala asitiliwe kitu kinywani. Ni maneno mengi kuliko kisukari, lakini msomaji wa Tumbe atayaelewa bila ya mkalimani.