Kirusi Kimoja, Virusi Viwili

Kuna wanaoniambia eti Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Mimi huwajibu kwa neno moja: virusi.

Kwa Warumi, virus ilikuwa sumu au ute unaonuka. Maandishi yao hayalipi neno hilo wingi, maana sumu haihesabiki, kama maji tu. Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky alichuja utomvu wa tumbaku iliyougua. Uliopita kwenye kichujio kinachozuia bakteria bado uliambukiza. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck akakiita kisababishi hicho virus, akiamini ni majimaji yenye uhai. Mwaka 1935 Mmarekani Wendell Stanley akakipata kwa umbo la fuwele. Kumbe ni chembe!

Wasemaji wa Kiingereza wamebishana wee kuhusu wingi wa neno hilo. Sisi tulisikia vi- mwanzoni, tukaliingiza kwenye ngeli ya KI-VI: kirusi, virusi. Ndivyo tulivyofanya kitabu cha Waarabu, tukapata vitabu. Hatukumwomba mtu ruhusa.

Na sarufi yetu ikapatana na maabara: sumu isiyohesabika ya Mrumi, kwetu inahesabika, kirusi kimoja kimoja.