Muungwa, Si Mtu-Mashine

Kikaratasi kilinifikia Usagara kikiwa kimekunjwa mara nne ndani ya daftari la mwanafunzi ninayemsaidia kazi zake za sanaa. (Usagara hii ni ya kwetu Misungwi, njia panda ya Shinyanga na Sengerema, si ile ya Morogoro.) Kilitangaza maonyesho madogo ya vijana jijini Mwanza kuhusu binadamu na mitambo. Karatasi nzuri, picha nzuri. Mstari wa tatu ukasema kwamba Wangechi Mutu, msanii mzaliwa wa Nairobi, hutengeneza "watu-mashine". Nikaweka kikombe chini.

Anayetajwa ni yule kiumbe nusu mtu nusu kifaa, ambaye wengine humwita saiborgi; sitapoteza wino kumfafanua zaidi. Ugomvi wangu ni na hicho kistari.

Nilitoka na neno hilo hadi barabarani, nikasimama kwa mama mmoja anayekaanga sato karibu na kituo cha magari. Baada ya salamu nikamuuliza, "Mama, hapa mtu-mashine anapatikana?" Hakuinua hata macho kwenye karai. "Yupo pale nyuma, baba, ila leo umeme hakuna. Una debe ngapi?"

Kwake, na kwa kila anayekula ugali kando ya ziwa hili, mtu wa mashine ni yule kijana aliyejaa unga hadi kwenye nyusi, na jina hilo amelipata kihalali kwa kusaga mahindi. Kistari hakisikiki mdomoni. Ukisema mtu-mashine, umesema msagishaji.

Nimeambiwa neno hilo lilipita kikaoni. Kikao gani, sitasema. Niliwahi kukiandikia barua ya kurasa tatu, nikajibiwa kwa sentensi moja kwamba maoni yangu "yamepokelewa". Huu ni mwaka wa nne. Nadhani bado yanapokelewa. Kwa tabia, wajumbe wake ni wa ukoo mmoja na waliotushauri akili ya kompyuta tuiite akili mnemba wakati akili unde lilikwisha kufika mlangoni limevaa viatu, lina kitenzi chake cha kuunda, linajieleza lenyewe. Mnemba, kwa mtu wa Unguja, ni kisiwa.

Turudi kwenye shina. Neno la kigeni ambalo wengine huliandika saiborgi lilibuniwa mwaka 1960 na Manfred Clynes na Nathan Kline, watafiti wa hospitali ya Rockland katika jimbo la New York. Walikuwa wakiwaza safari za anga. Badala ya kumbebea mwanaanga hewa na mazingira ya dunia nzima, walisema, kwa nini asibadilishwe mwili wenyewe aweze kuishi huko? Mfano wao ulikuwa panya mweupe aliyepachikwa pampu ndogo chini ya ngozi, ikimdondoshea dawa polepole. Walichukua nusu ya neno linalotaja kiumbe hai na nusu ya jina la taaluma ambayo Norbert Wiener aliipa umaarufu kwa kitabu chake cha mwaka 1948, taaluma ya uongozaji wa mitambo na viumbe. Wiener naye alilitoa jina hilo katika Kigiriki, kwenye neno la mshika usukani wa chombo.

Hapo ndipo mwenzangu mmoja, msomi na mpole kwa mambo mengine yote, alipopotea. Alitaka tuwafuate Wagiriki hadi mwisho, tuseme "nahodhamwili". Nilimwomba alitamke mara tatu mbele ya wanafunzi. Na tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita tatu za zege juu ya maji, msafiri wa Sengerema anayepita kwetu havuki tena kwa kivuko, wala hamwoni nahodha njiani. Hilo neno lingezaliwa yatima.

Wengine walipendekeza "mtu-mtambo". Hili nalipa heshima kidogo, kwa sababu linafichua jambo. Kamusi za zamani hazikuupa mtambo maana ya kiwanda kwanza. Ulikuwa kamani, ulikuwa mtego unaofyatuka. Halafu tazama umbo. Mtu na mtambo vyote vinaanza na m. Ukikutana navyo gizani hutavitofautisha mpaka kimoja kifanye kitu: mtu anaanguka, mtambo unaanguka. Mpaka kati ya binadamu na kifaa, ambao wenzetu wameuandikia vitabu vinene, kwetu umekaa kwenye silabi moja ya kitenzi. Je, huyu ni wa a- au wa u-? Mtu-mtambo hujibu kwa kigugumizi. Mtu-mashine ndiyo kabisa: watu-mashine hawa, au hizi?

Jibu nililipata kwa fundi. Ni kijana wa kuchomelea, karakana yake iko nyuma ya maduka ya vipuri, na jioni, mageti na madirisha ya wateja yakiisha, hujitengenezea sanamu za vyuma chakavu. Siku niliyofika alikuwa na mwanamke wa urefu wa mtoto wa darasa la pili. Nyonga zake ni sproketi mbili za pikipiki, uti wa mgongo ni cheni iliyokazwa kwa moto ikasimama, vidole ni plagi zilizochoka. Nikamuuliza kuhusu geti lililoegemezwa ukutani. "Lile nimeliunga jana," akasema. Na huyu? "Huyu bado, mzee. Nimemuunga mgongo tu, mkono wake nautafuta."

Lile nimeliunga. Huyu nimemuunga. Hakuna aliyemfundisha, wala hakuitisha kikao.

Basi neno langu ni muungwa. Nimelitetea tangu siku hiyo na nitaendelea kulitetea. Linatoka kwenye kuunga likiwa katika kutendwa: unga, ungwa, muungwa. Kiwanda hicho ni cha zamani katika lugha yetu. Kilitupa mfungwa kutoka kufunga, kikatupa mtumwa kutoka kutuma. Na tazama kitenzi chenyewe kilivyo na ukwasi. Mganga huunga mfupa uliovunjika. Mpishi huunga mboga kwa karanga. Dereva huunga tela. Asiyekuwa na mshahara huungaunga maisha. Kiungo ni mkono na mguu, ni binzari na pilipili, na ni mchezaji wa katikati anayegawa mipira. Kiungo cha bandia ndicho anachopewa aliyekatwa mguu. Hata nchi hii iliungwa, Aprili 1964, na haikuitwa Tanganyika-kistari-Zanzibar. Kitenzi chenye watoto wote hawa kinashindwaje kulea mmoja zaidi?

Nilipolisoma neno hili mbele ya watu, mjumbe mmoja alitabasamu akasema muungwa ni muungwana aliyekatwa mkia. Wakacheka. Nami nilicheka, ila nililala nalo. Asubuhi nikaona amenisaidia bila kutaka. Katika miji ya pwani ya zamani muungwana alikuwa kinyume cha mtumwa. Na roboti ni nini? Karel Čapek alilitumia jina hilo katika tamthilia yake ya mwaka 1920, kwa ushauri wa kaka yake Josef, akilitoa kwenye neno la Kicheki la kazi ya shokoa. Roboti, kwa asili yake, ni mtumwa. Basi muungwa akikaa sauti moja na muungwana, mbali na mtumwa, amekaa anapostahili: yeye si chombo cha mtu, ni mtu aliyeongezewa chombo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba neno halitaji mashine. Kweli, halitaji. Mfungwa halitaji gereza. Mtumwa halitaji bwana. Lugha hutaja lililomfika mtu, na msikilizaji hujaza lililobaki. Bibi aliyewekewa kifaa cha betri cha kuongoza mapigo ya moyo pale Taasisi ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, akirudi nyumbani wajukuu hawasemi bibi amekuwa mashine. Ameungwa kifaa, anaendelea kugomba kama kawaida.

Na kazi za Wangechi Mutu, zilizoanzisha kero hii yote, zinadai neno hilihili. Alizaliwa Nairobi mwaka 1972, akasomea sanaa Marekani, na picha zake nyingi za mwanzo ni za kukata na kubandika: mdomo umetoka kwenye jarida la mitindo, paja ni kipande cha pikipiki, ngozi imetoka kwa mnyama, mengine yametolewa kwenye michoro ya kitabu cha udaktari. Ukisogea karibu unaona maungio. Hayafichwi, wala hakuna kipande kinachodai kuwa ndicho mwenyeji na vingine wageni. Mwaka 2019 aliweka wanawake wanne wa shaba kwenye uso wa mbele wa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, katika vishubaka vilivyokuwa tupu tangu jengo hilo likamilike mwaka 1902. Wameketi, miili imefunikwa kwa misokoto kama mavazi, na visahani vinavyong'aa vimekuwa sehemu ya vichwa vyao. Wanawake hao uwaite watu-mashine? Mashine iko wapi pale? Maungio yapo.

Cyrus Kabiru wa Nairobi, anayeunda miwani kwa vyuma na nyaya za jalalani, nampitia haraka tu, kwa sababu miwani huvuliwa.

Lakini kwa nini niende New York wakati makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yako Kisesa? Katika ngoma za ushindani za Wasukuma, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, mshindi ni aliyevuta umati mkubwa zaidi. Mojawapo ya mbinu za kuvuta watu ilikuwa sanamu za mbao ambazo mikono yake imeungwa ili ichezeke. Mchezaji akiitikisa, sanamu hunyanyua mkono na watu hukimbilia upande wake. Nimewasikiliza wazee wakisimulia michezo hiyo: "alicheza", "aliwashinda". Hawasemi "ilicheza". Ni mti, una kiungo, unapewa a-.

Kuhusu matumizi: muungwa huyu, waungwa hawa, uungwa kwa hali yenyewe. Linatosha.

Kikaratasi cha maonyesho kitachapwa upya mwezi ujao, nimeambiwa, na mhariri wake anapokea mapendekezo. Mwenye neno bora kuliko langu alipeleke haraka, mradi asipeleke lenye kistari.