Nani Aliyepanga Safari? Mitumbwi ya Ziwa Tanganyika, 1858–1876

Wahenga walisema, "Maji usiyoyafika hujui wingi wake." Neno hili hutajwa mara nyingi kuwaonya watu wajitiao katika mambo wasiyoyajua. Lakini kwa mtu aendaye safari ya mtumbwi kwa majuma mengi, akilala katika pwani zisizo na soko wala nyumba ya wageni, ni zaidi ya onyo: ni kanuni ya uhai. Mtumbwi hauna nafasi ya kitu cha bure, wala hausamehe kitu kilichosahauliwa. Asiye na upo wa kufua maji atazama. Asiye na posho ya kutosha atarudi nusu ya njia. Na asiyejua pahali pa kupiga dago jioni atakutwa na tufani gizani, ubavuni mwa jabali.

Katika insha hii nataka kuzitazama safari nne zilizofanywa katika Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1858 na 1876. Yaliyovumbuliwa katika safari hizo yamekwisha andikwa sana. Mimi nauliza jambo jingine: safari hizo zilipangwaje, na ni nani hasa aliyezipanga?

Yafaa kwanza tulijue ziwa lenyewe. Urefu wake ni yapata kilomita 670, na kina chake, mahali palipo pa mwisho, ni mita 1,470 hivi. Katika pwani nyingi milima huteremka moja kwa moja mpaka majini, hata fungu la mchanga la kuvutia mtumbwi likawa kitu cha tunu. Wakati wa kiangazi pepo za kusini huvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi. Wakati wa mvua tufani huja ghafula kutoka milimani. Kwa sababu hiyo wenyeji hawakukata ziwa popote walipopenda. Walikwenda wakiandama pwani, wakangoja shwari kwenye rasi zinazojulikana, kisha wakavuka upesi pale ambapo ng'ambo ni karibu.

Ujiji ndipo matayarisho yalipofanyika. Mitumbwi mikubwa ilichongwa Ugoma, upande wa magharibi, kwa magogo ya miti kama mvule, kisha ikaletwa Ujiji kuuzwa. Chumvi ilitoka Uvinza, dagaa walitoka ziwani, na shanga ziitwazo sofi zilitumika sokoni kama fedha. Juu ya vitu hivyo msafiri alihitaji nguo za kulipa honga kwa watawala wa pwani, na zaidi ya yote alihitaji rubani. Mali yote hiyo ilikuwa mikononi mwa Wajiji na wafanya biashara Waarabu na Waswahili. Mgeni alikuja na haja. Njia ya kuitimiza aliikuta kwa wenyeji.

Richard Burton na John Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Mpango wao wa kwanza haukuwa wa mtumbwi. Walitaka jahazi la Sheikh Hamed bin Sulayyim, aliyekaa kisiwa cha Kasenge, upande wa pili wa ziwa. Mwezi wa Machi Speke alivuka kwenda kuliomba, macho yake yakiwa na ugonjwa, akifuatana na Sidi Mubarak Bombay aliyekuwa mkalimani. Njiani tufani ilimzuia, na usiku mmoja mdudu alimwingia sikioni akamtesa kwa siku nyingi. Alirudi mwishoni mwa mwezi bila jahazi.

Ndipo Burton alipofanya shauri na Kannena, jumbe wa Kawele, akapata mitumbwi miwili. Ule mkubwa ulikuwa na urefu wa futi 60 na upana wa futi 4 tu. Waliondoka mwezi wa Aprili, mvua zikiwa bado zinanyesha, na Burton mwenyewe alipakiwa mgonjwa. Vitabu vyao vimejaa manung'uniko: mtumbwi unavuja, wapiga makafi hawatii amri, safari inakatizwa kila saa. Lakini manung'uniko hayo yana elimu ndani yake. Mathalan, mabaki ya chakula yalikatazwa kutupwa majini, kwa kuwa mamba wangeufuata mtumbwi. Mgeni aliona ushupavu wa desturi. Msomaji wa leo anaweza kuona sheria ya usalama.

Tarehe 26 Aprili walifika Uvira, nao Mto Rusizi ulikuwa mbele yao. Neno walilolitaka lilikuwa moja: je, mto huu unaingia ziwani, au unatoka? Kama ungetoka kwenda kaskazini, Tanganyika ingeweza kudaiwa kuwa chimbuko la Nili. Kannena alikataa kuendelea. Uvira ilikuwa mwisho wa njia ya biashara ya Wajiji, na mbele palikuwa na watu waliokuwa na uadui nao. Burton aliuona ukatazo huo kuwa woga na hila. Mimi naona ulikuwa sehemu ya mpango wa Kannena tangu mwanzo: mitumbwi yake ilikwenda pale ilipoweza kwenda na kurudi salama.

Hata hivyo jibu lilipatikana. Wana watatu wa mtawala wa Uvira walikuja kambini, wakasema kwamba Rusizi unaingia ziwani. Hapa pana somo kubwa kwa wanahistoria. Huko Ujiji, mbali na mto, walikuwapo waliosema unatoka. Lakini hawa walikuwa wenyeji wa pale pale. Kauli zilitofautiana kwa sababu wasemaji walisimama mbali mbali na jambo lenyewe, na kazi ya mtafiti ilikuwa kuzipima. Hazikupimwa. Mwaka 1864 Burton aligeuka, akashika hoja kwamba Rusizi hutoka ziwani, na ushahidi wa wale watatu ukawekwa kando.

Miaka 13 ilipita. Mwezi wa Novemba 1871 David Livingstone na Henry Stanley waliondoka Ujiji kwenda kulimaliza swali lile lile. Mpango wao ulikuwa mdogo kuliko wa Burton: mtumbwi mmoja wa mvule wa Ugoma, walioazimwa na Mwarabu wa Ujiji, Sayd bin Majid, wenye wapiga makafi 16, mpishi na mkalimani. Waliandama pwani ya mashariki, wakipiga kambi kila jioni palipojulikana na viongozi wao, wakilipa honga walipodaiwa. Huko kaskazini mtawala aitwaye Ruhinga aliwaeleza habari za mito ya nchi yake. Kisha waliingia kwa mtumbwi katika kinywa cha Rusizi, wakaona mkondo ukija ziwani. Walikuwa wametumia siku 28 kwenda na kurudi. Waliloliona lilikuwa neno lile lile walilosema wana wa mtawala wa Uvira mwaka 1858.

Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alikwenda kusini kwa mitumbwi miwili, naye mwezi wa Mei aliufikia Mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa kuelekea Kongo. Rubani wake alikuwa Para. Walipopita Rasi Kabogo, yenye sifa ya kutisha miongoni mwa wasafiri wa ziwa, marubani walitoa sadaka ya shanga kwa pepo wa mahali pale. Mtu anaweza kucheka. Lakini mahali pa sadaka ni mahali pa kutua na kutazama. Mimi naona kwamba desturi ya namna hii humlazimisha nahodha apunguze mwendo na kulipima anga pale hasa penye hatari.

Mwaka 1876 Stanley alirudi. Safari hii alikuja na mashua yake, Lady Alice, iliyoundwa Uingereza na kuchukuliwa vipande vipande mpaka bara. Ingedhaniwa kwamba mtu mwenye chombo chake hana haja tena ya Ujiji. Sivyo. Aliazima mtumbwi wa kufuatana na mashua, akachukua viongozi wawili. Mmoja alikuwa Para, aliyemwongoza Cameron miaka miwili kabla. Wa pili alikuwa Ruango, aliyekwenda na Livingstone na Stanley mwaka 1871. Kwa siku 51 wakalizunguka ziwa zima.

Hapo ndipo swali letu linapopata jibu. Tukivisoma vitabu vya wasafiri kimoja kimoja, kila safari yaonekana kama mwanzo mpya, na kila mwandishi kama mtu aliyeingia katika maji yasiyojulikana. Tukivisoma pamoja, twakuta kwamba wageni hubadilika, bali Ujiji ni ile ile, mitumbwi ni ya Ugoma ile ile, na viongozi wa safari za mwisho ni watu wale wale wa safari zilizotangulia. Maarifa ya rasi, ya kambi, ya pepo na ya tabia za watawala hayakuanza upya kila mara. Yalikuwa yamewekwa akiba vichwani mwa watu kama Para na Ruango. Burton na Cameron wana ghuba zinazoitwa kwa majina yao katika ramani za ziwa; majina ya marubani yalibaki ndani ya vitabu, yakimngoja msomaji mwenye subira.

Sisemi kwamba wageni hawakufanya kitu. Walipima, wakaandika, wakachora. Na bila maandishi yao nisingeyajua hata majina ya hao ninaowatetea. Lakini kuandika safari si sawa na kuipanga. Mwanafunzi wa historia anaposoma vitabu hivi asikimbilie sura ya ushindi. Na aanze na sura ya matayarisho, ambayo wengi huiruka: mtumbwi uliazimwa kwa nani, chakula kilinunuliwa wapi, nani alisema "leo hatuondoki," na nani alitiiwa aliposema hivyo. Humo ndimo atakamowakuta wenye safari.