Kukazia Hukumu ya Masurufu

Katika mahakama za Tanzania, kukazia hukumu ni kumshurutisha aliyeshindwa atekeleze, apende asipende, lile aliloamriwa. Nalo ni neno lililochaguliwa kwa ufasaha, kwani fundo hukazwa baada ya kufungwa, wala hukumu isiyotamkwa haina cha kukaziwa. Haja ya neno hili huonekana zaidi katika mashauri ya masurufu ya mke, ambayo wanasheria wa leo huyaita matunzo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imemfaradhishia mume kumpatia mkewe makao, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake, na mke mwenye mali kumtunza mume asiyeweza kuchuma kwa sababu ya ulemavu au maradhi. Na mahakama yaweza kuamuru matunzo hayo hata pasipo talaka. Walakini malipo yakikoma, mahakama haiinuki yenyewe kumfuata mdaiwa: mwenye haki, aitwaye mshinda tuzo, sharti arudi na maombi, ahesabu malimbikizo, aseme ataka hukumu ikaziwe kwa njia gani.

Aghalabu huombwa mali ikamatwe, dalali wa mahakama ainadi; ila nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, matandiko na zana za fundi haziguswi. Njia ya kifungo ndiyo yenye ajabu. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966, mdaiwa aweza kutiwa gerezani akawa mfungwa wa madai, lakini posho ya chakula chake hulipwa na yule yule aliyeomba afungwe. Basi mwanamke aliyenyimwa chakula hutakiwa kwanza amlishe aliyemnyima, na bwana huyo akifunguliwa deni lingalipo, ijapokuwa hawezi kukamatwa tena kwa hukumu ile. Sioni ajabu wengi wakiiepa.

Aliyefilisika kwa hakika ana ruhusa kuomba amri ibadilishwe, wala hana udhuru wa kunyamaza. Kwa mwenye ajira, iliyo nyepesi ni amri ipelekwayo kwa mwajiri, sehemu ya mshahara ikatwe kabla haujamfikia mkononi. Lakini mvuvi, mchuuzi na mkulima hawana mwajiri wa kupelekewa amri, na kwao mshinda tuzo hurejea kwa dalali.