Saa ya Chungu Kimoja: Historia Fupi ya Mlo wa Siku Katika Mwambao wa Rumonge

Katika vitabu vingi vya kufundishia Kiswahili limo somo ambalo kila mwalimu amewahi kulisomesha. Mtoto wa kitabuni anaamka, ananawa uso, anakunywa chai kwa mkate. Saa saba mchana anakula wali na mchuzi. Saa mbili usiku anakula tena, kisha analala. Chini ya somo hufuata mazoezi: "Wewe unakula nini asubuhi? Unakula nini mchana? Unakula nini jioni?" Sisi nasi tulilifundisha somo hilo huku Rumonge kwa muda mrefu bila kulitilia shaka, mpaka siku moja mwanafunzi mmoja, mtoto wa mvuvi, aliposimama akayajibu maswali yote matatu kwa sentensi moja: "Sisi tunakula saa kumi." Wenzake hawakucheka. Sisi ndio tuliobaki na chaki mkononi tukitafuta la kusema, maana jibu lilikuwa sahihi kwa sarufi na sahihi kwa maisha, ila kitabu hakikuwa na mahali pa kulipokea.

Makala haya yanakusudia kulitafutia jibu hilo historia yake. Kwa nini iwe saa kumi, isiwe adhuhuri wala usiku? Mtu alaye mara moja kutwa huichaguaje saa yake ya kula? Na je, ni yeye kweli anayeichagua?

Tuanze na lugha, kwa kuwa hiyo ndiyo ghala tuliyokabidhiwa sisi walimu. Chakula cha asubuhi tunakiita kifungua kinywa, chamshakinywa au staftahi. Majina haya yanataja kufungua, kuamsha na kuanza. Hakuna hata moja linalotaja kupika wala kushiba. Staftahi lenyewe limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kufungua. Kwa upande wa pili tunalo neno kiporo, yaani chakula kilicholala, kilichopikwa jana na kuliwa leo asubuhi. Ikiwa mabaki ya usiku ndiyo yaliyokuwa chakula cha asubuhi, basi moto mkubwa wa nyumba uliwashwa jioni. Tena tutazame misemo miwili: kushinda njaa na kulala njaa. Mkulima aweza kusema kwamba ameshinda njaa, akaendelea na mazungumzo mengine. Lakini ikisemwa kwamba watoto wa fulani wamelala njaa, jirani mwema hunyanyuka. Mchana wa njaa huvumilika kwa sababu jioni inatarajiwa. Usiku wa njaa hauna jioni nyingine ya kungojewa.

Sababu za kuipendelea jioni hazikufichika. Muhogo wa mwambao huu huloweshwa siku kadhaa, huanikwa, hutwangwa, ndipo upatikane unga wa ugali. Maharage nayo hutaka muda mrefu motoni. Mama aliyekwenda shamba alfajiri hawezi kuwa shambani na jikoni kwa wakati mmoja, na moto wa mara tatu hutaka kuni za mara tatu. Basi chungu kimoja hungojea saa ambayo kazi imekwisha na watu wamerudi. Kwa hiyo saa ya mlo mmoja haikuwa saa ya njaa, kwani njaa huja mapema zaidi. Ilikuwa saa ya makutano.

Hiyo ilikuwa desturi ya nyumba. Ama desturi ya safari ilikuwa nyingine, nayo yatuhusu sana, kwa sababu Kiswahili kilifika huku kwa miguu ya wapagazi na kwa makasia ya wapiga mitumbwi. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, waliwakuta wafanyabiashara kutoka pwani wamekwisha kutangulia. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi, wakapita kando ya mwambao wetu wa Urundi hadi mdomo wa mto Rusizi. Waliowabebea mizigo wasafiri wa namna hiyo ndio waliobeba na lugha yetu.

Burton ameeleza siku ya msafara ilivyokwenda. Watu waliamka kabla ya mapambazuko, wakashika njia mapema, wakatembea mpaka jua lilipokuwa kali, ndipo wakapiga kambi na kupika. Mpagazi alichukua hadi frasila mbili, yaani yapata kilo 32. Posho yake ya siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, yapata ratili moja na nusu. Kibaba hicho, robo ya pishi, ndicho kile kile tunachowafundisha watoto katika methali ya haba na haba. Aghalabu tunaifundisha kama methali ya kuweka akiba, nasi husahau kwamba kwa watu wengi kibaba kilikuwa chakula chote cha siku nzima.

Mpagazi mwenye kibaba kimoja alikuwa na hesabu ngumu. Akikipika chote kambini, hushiba na kulala vizuri, lakini kesho huinua mzigo kwa tumbo tupu. Akikigawa, hupata cha kutafuna njiani, lakini usiku huwa mrefu. Hata hivyo hesabu hiyo ilianza tu baada ya posho kutolewa, na saa ya kuitoa haikuwa mikononi mwake. Mkuu wa msafara alipochelewa kupima, wote walichelewa kula. Aliyeshika kibaba ndiye aliyeishika saa. Neno posho limedumu mpaka leo: kwa wengine ni fedha za chakula cha kazini, na kule Uganda limekuwa jina la ugali wa mahindi wenyewe.

Baada ya misafara ikaja serikali ya Wajerumani, kisha, tangu mwaka 1916, ya Wabelgiji, hata uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai 1962. Pamoja na ofisi na shule zikaja kengele, na pamoja na kengele likaja wazo la siku iliyokatwa vipande vitatu kwa chai, chakula cha mchana na chakula cha usiku. Wengi wetu tulilipokea wazo hilo kana kwamba limekuwapo tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Lakini wenzetu wanaofundisha Kifaransa wanajua kwamba hata huko Ulaya saa za kula zimehama. Maneno "déjeuner" na "dîner" yametokana na kitenzi kimoja cha Kilatini chenye maana ya kuvunja mfungo. Kwa Wabelgiji neno la kwanza ni chakula cha asubuhi na la pili ni cha mchana; kwa Wafaransa wengi la kwanza limehamia mchana na la pili limehamia usiku. Majina yalibaki, saa zikasogea, kwa kuwa kazi za watu zilisogea. Basi mtoto aliyetujibu "saa kumi" hakuwa nyuma ya ulimwengu. Alikuwa akieleza saa ya kazi ya kwao.

Kazi hiyo sasa tuieleze. Rumonge iko zaidi ya kilomita 70 kusini ya Bujumbura, katikati ya ziwa na michikichi. Watu wake wengi huishi kwa mawese, kwa biashara na kwa uvuvi wa ndagala, ambao Tanzania huitwa dagaa, na wa mukeke, ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka. Ndagala huvuliwa usiku, kwa sababu hufuata mwanga. Hapo zamani mwanga ulikuwa wa moto uliowashwa mtumbwini. Baadaye ukawa wa karabai, na siku hizi ni wa taa za betri. Mwezi ukiwa mpevu mwanga hutapakaa ziwa zima, samaki hawakusanyiki penye taa, na mitumbwi hupumzika kwa siku kadhaa mpaka giza lirudi.

Katika nyumba za wavuvi tulizozifahamu, siku huenda hivi. Mitumbwi hurudi alfajiri. Asubuhi samaki huuzwa wabichi au huanikwa, nao wanaume hulala. Fedha ikipatikana, mama hununua unga na mawese mchana; akisha kununua, hupika. Kabla jua halijatua wanaume huwa wamekwisha kuondoka tena. Mtu akizihesabu saa zote za siku, ataona kwamba ni saa moja tu ambayo unga umekwisha kununuliwa, baba ameamka, watoto wako nyumbani, na mtumbwi haujaondoka. Nayo ni saa kumi alasiri. Tulipomwuliza mwanafunzi wetu kwa nini wanakula saa hiyo, hakutaja njaa wala uhaba. Alisema, "Kwa sababu baba hajaondoka." Wakati wa mbalamwezi, alituambia, wao hula usiku kama watu wengine. Hivyo saa ya nyumba ile ilifuata mwezi wa mbinguni, nasi tulikuwa tukimwuliza kwa saa ya ukutani.

Msomaji atakumbuka kwamba Rumonge ni mji wenye Waislamu wengi tangu zamani, na pengine atauliza habari za Ramadhani. Ni kweli kwamba mfungaji naye huingojea saa moja. Tena huku kwetu, yapata digrii nne kusini ya ikweta, jua hutua karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, hata saa ya futari haibadiliki sana Ramadhani ikiangukia mwezi wowote. Ndugu zetu walioko London, Ramadhani ilipoangukia mwezi wa Juni, kama mwaka 2016, walingoja mpaka saa tatu usiku ipite. Lakini tusichanganye mambo mawili. Mfungaji anayo futari na anayo daku, na saa yake ameipokea kwa imani. Mwenye mlo mmoja hana cha kukiacha. Wanachofanana ni kwamba wote wawili huogopa kula peke yao kuliko wanavyoogopa kuchelewa kula.

Kuna nyakati ambazo hata saa ya makutano ilinyang'anywa. Tarehe 29 Aprili 1972 machafuko yalizuka katika sehemu za kusini, Rumonge ikiwa miongoni mwao, na mauaji yaliyofuata nchini yaliwafanya watu wengi sana wakimbilie Tanzania. Huko waliwekwa katika makazi ya Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo. Mwanzoni walipimiwa mgao, kama wapagazi wa zamani walivyopimiwa kibaba. Walipopewa ardhi, wakalima, wakavuna, mgao ukakoma, nao wakarudi kuwa wenye chungu na wenye saa. Mwaka 2015 watu walikimbia tena. Maelfu walivuka hadi kijiji cha Kagunga, na meli kongwe ya Liemba ikawachukua mpaka Kigoma. Wengi wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Katika miaka iliyofuata Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lililazimika mara kadhaa kupunguza mgao kambini kwa upungufu wa fedha. Mzazi aliyebakiwa na mlo mmoja alirudi kwenye hesabu ya mpagazi: awape watoto mchana ili wasome, au jioni ili walale? Hiyo ni hesabu ambayo haina jibu zuri, na hatuna haki ya kumfundisha mzazi namna ya kuifanya.

Tunalojifunza katika historia hii ni kwamba saa ya kula ni jambo la uwezo. Mwenye shamba, mtumbwi au ujira wake huipanga saa pamoja na watu wake, na hata akila mara moja hula kwa heshima. Anayepimiwa na mwingine hupangiwa. Umaskini mkubwa kuliko kula mara moja ni kutojua ni saa ngapi utakula.

Basi, ndugu walimu, tufanye nini? Kiswahili sasa kinafundishwa katika shule za msingi za Burundi pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza, na somo la saa na vyakula litaendelea kuwamo. Hatusemi liondolewe. Tunasema maswali yake yabadilishwe. Badala ya kuuliza "Unakula nini asubuhi?" tuulize "Kwenu mnakula saa ngapi, na kwa nini saa hiyo?" Swali hili litaleta saa, vitenzi vya mazoea, viunganishi vya sababu, na majina ya kazi zote za mwambao. Na zaidi ya hayo, halitamlazimisha mtoto ama kusema uongo ama kuona haya mbele ya wenzake.

Tena tujue saa za chungu za wanafunzi wetu kabla ya kuwahukumu. Penye shule yenye zamu mbili, mtoto wa mvuvi aliye katika zamu ya alasiri huwa darasani saa ambayo nyumbani kwao wanakula. Akirudi hukuta sehemu yake imefunikwa kwa kawa, imepoa, na baba ameondoka. Mtoto huyo akisinzia, si mvivu. Na akiomba ruhusa kabla ya kengele, tusifanye haraka kumkatalia. Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza, walisema wazee. Mwalimu anayeijua methali hii kwa kuikariri tu hajaijua bado. Ataijua siku atakapoyapanga mazoezi magumu asubuhi, akaiacha alasiri kwa hadithi na nyimbo, kwa kuwa amekwisha kuuliza, naye ameambiwa, ni saa ngapi chungu huepuliwa.