Vita vya Kagera Vilivyopiganwa Uganda

Sisi Watanzania tunaviita Vita vya Kagera. Waganda wengi wanavikumbuka kuwa vita vya ukombozi vya 1979. Majina hayo mawili yanabeba mzozo mzima. Majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalikaa Kagera, ndani ya Tanzania, kwa wiki chache tu. Tangu Januari hadi Juni 1979 risasi zililia ndani ya Uganda: Mutukula, Masaka, Lukaya, Kampala, hadi mpaka wa Sudan. Hata mkoa wenyewe ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Ulipewa jina la Kagera baada ya vita.

Ugomvi ulianza Januari 25, 1971, Amin alipompindua Rais Milton Obote wa Uganda. Rais Nyerere wa Tanzania alikataa kumtambua Amin, akampa Obote hifadhi Dar es Salaam. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka kutoka Tanzania kwenda kumng'oa Amin, wakashindwa vibaya. Mapatano ya Mogadishu mwezi uliofuata yalinyamazisha bunduki, chuki ikabaki. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika.

Kufikia 1978 kambi za Amin zilikuwa zinatokota. Askari wake waliasi, naye akahitaji adui wa nje. Oktoba, Radio Uganda ikatangaza kwamba Tanzania imeivamia Uganda: mwizi ndiye aliyepiga yowe la mwizi. Oktoba 30 majeshi yake yakavuka, na siku mbili baadaye Kampala ikadai kwamba ardhi yote hadi Mto Kagera ni ya Uganda, kana kwamba mstari wa mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 haukuwapo. Raia waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, kiwanda cha sukari kikaporwa, daraja la Kyaka likalipuliwa.

Novemba 2 Nyerere aliongea na wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee. Sababu ya kumpiga Amin, nia na uwezo: maneno hayo matatu yalitoka Radio Tanzania yakaenea hadi vijijini, kwenye redio za mkulima ambazo betri zake zilianikwa juani ili zipate nguvu ya taarifa ya habari ya jioni. Hapo ndipo neno "nduli" lilipopata mwenyewe. Katika kamusi ni muuaji, mtu katili. Redioni na magazetini likawa sehemu ya jina la Amin, na hadi leo ukilitamka mbele ya mtu wa rika lile haulizi unamsema nani.

Lakini redio hiyohiyo haikuwaambia wasikilizaji wake kwamba askari wetu wenyewe waliangusha ndege zetu Musoma. Na jeshi letu lilipoingia Uganda, Dar es Salaam ilisisitiza kwa muda kwamba wanaosonga mbele ni Waganda waliochoka na dhuluma. Walikuwapo kweli, lakini uzito wa vita aliubeba mwanajeshi wa Tanzania, pamoja na maelfu ya mgambo waliotolewa mashambani.

Kwa nini kificho hicho? Mwaka 1964, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) huko Cairo, Nyerere mwenyewe ndiye aliyetoa hoja kwamba Afrika iheshimu mipaka iliyorithiwa. Hangeweza kusema waziwazi kwamba anakwenda kuiondoa serikali ya jirani. Julai 1979, katika mkutano wa OAU Monrovia, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walimlaumu hadharani, ilhali umoja huo haukuwahi kumlaani Amin kwa uvamizi wala kwa damu ya Waganda.

Naamini Nyerere alikuwa na haki, na kwa sababu hiyo kificho kinaniuma zaidi. Wananchi waliokubali kumtoa nduli Kagera walistahili kuulizwa kama wako tayari pia kugharimia Kampala. Baada ya ushindi waliombwa kufunga mikanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, na katikati ya miaka ya themanini akina mama walikuwa bado wanapanga foleni ya sabuni na sukari.

Kaboya, wilayani Muleba, yapo makaburi ya askari wetu, safu kwa safu kama gwaride. Kutoka Mutukula hadi mpaka wa Sudan, vita vilikokomea Juni 3, 1979, ni zaidi ya kilomita 500 za ardhi ya Uganda. Katika jina tunalolitumia haimo hata hatua moja ya safari hiyo.